Kioo Kilichonyamaza Mapema

"Arobaini na moja," alisema Mtaalamu, akaondoa kidole kwenye saa.

Mpelelezi aliandika 41 kwenye daftari lake na kupiga mstari chini yake. Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza sekunde arobaini, ya pili arobaini na moja, na sasa tena arobaini na moja. Kioo hakikuwa na nia ya kubadilisha maelezo yake.

Kilikuwa duara jembamba lenye upana wa kiganja, limekalishwa juu ya gololi moja ndogo iliyoligusa katikati tu, chini ya kuba zito lililonyonywa hewa. Mtaalamu akibonyeza kitufe, umeme uliusukuma ukingo kidogo bila kuugusa, na kioo kikaanza kuvuma. Spika ya mezani iliutoa mvumo huo kama mbu aliyefungiwa chupani. Kisha mbu akachoka.

"Kilitakiwa kulia kwa muda gani?"

"Dakika sita na ushee."

Mkurugenzi wa karakana alikuwa ameegemea mlango, suti imemkaa, uso haujamkaa. "Umesikia mwenyewe, Afande. Kioo tulichomtengenezea mteja si hiki alichoturudishia. Kuna mtu amekibadilisha, cha kweli akaondoka nacho. Penye moshi pana moto."

"Au pana tanuri," alisema Mpelelezi bila kumtazama. "Naomba utupishe."

Miguu ilikuwa inamwaka. Hii ilikuwa kesi yake ya nne wiki hiyo, na leo ilikuwa Jumanne tu. Mkubwa wake alishapiga simu mara mbili: saa kumi jioni gari litakuja karakana, kama mtuhumiwa yupo, apande, kama hayupo, yeye Mpelelezi aandike kwa nini. Mtuhumiwa aliyetajwa kwenye malalamiko ya Mkurugenzi ndiye huyu Mtaalamu, binti aliyesimama mbele yake, kofia ya karatasi kichwani, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo.

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako," Mpelelezi alimwambia.

"Shangazi yangu ni mkali kuliko wewe."

"Hujaniona saa kumi ikifika."

Mtaalamu alivuta pumzi. Alizungumza akilitazama kuba.

"Kila chenye joto kinatetemeka, Afande. Meza hii, wewe, mimi. Hatuoni kwa sababu ni kidogo mno. Lakini chombo cha mteja wetu kinapima umbali kwa mwanga, na kinapima vidogo kuliko hicho kidogo. Mwanga unagonga kioo, unarudi. Kama ngozi ya kioo inatetemeka, chombo kinasoma tetemeko la ngozi badala ya kile kilichotumwa kupima."

"Ngozi ndiyo huu utando uliopakwa juu."

"Ndiyo. Tabaka thelathini na nane, zote pamoja ni nyembamba kuliko unywele. Kioo chenyewe kimetulia. Fujo iko kwenye utando. Ukitoka kwenye mashine ya kupaka unakuwa mbichi, chembe zake zimekaa ovyo, kama watu waliosukumwa ndani ya chumba kisicho na viti. Basi tunauoka. Nyuzi mia tano, kwa muda wa saa kumi nzima, halafu unapozwa taratibu mchana kutwa. Kila chembe inatafuta pa kukaa."

"Na huku kuvuma?"

"Kengele nzima inalia muda mrefu. Yenye ufa inaimeza sauti yake upesi. Kioo kinachomeza mvumo wake upesi ndicho hicho hicho kinachotetemeka ovyo kikiachwa peke yake. Kwa hiyo hatuhangaiki kulipima tetemeko. Tunakisukuma, tunahesabu."

"Na hiki kinalia kama kibichi."

Binti alichelewa kidogo kujibu. Kidogo tu, lakini Mpelelezi alikuwa amelipwa mshahara kwa miaka ishirini na mitano ili aone kuchelewa kwa namna hiyo.

"Kinalia kama kibichi," alikubali.

"Hamkukipima kabla ya kukipeleka?"

"Kioo kikuu hatukigusi ovyo. Tunampima shahidi."

Mpelelezi aliinua kichwa. "Nani?"

Kwa mara ya kwanza binti alitabasamu. "Kipande kidogo kama sarafu. Kinapakwa pamoja na kikuu, kinaokwa pamoja nacho. Kikilia vizuri tunajua na mwenzake yuko sawa. Ndiyo tunakiita shahidi."

"Na alisemaje?"

"Alilia vizuri kabisa."

"Mashahidi wangu wangekuwa hivyo, leo ningekuwa nimelala." Akafungua ukurasa mpya. "Hiki kioo kimebadilishwa?"

"Hapana." Alilifungua kuba, hewa ikaingia kwa mluzi, akakiinua kioo kwa mikono miwili yenye glavu na kumpa Mpelelezi lenzi ya mkononi. Kwenye ukingo, uliosuguliwa using'ae, palikuwa na mikato miwili myembamba ya almasi. "Vilikuwa mapacha. Mikato miwili, huyu. Mkato mmoja, mwenzake. Yule wa mkato mmoja aliingiwa na punje ya vumbi ndani ya utando, hafai kwa mteja. Tukamfanya wa akiba. Hatumwoki. Yuko kabatini chumba cha tanuri, mbichi, wa kulinganishia."

"Mikato aliikata nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo ungeweza kuikata na kwenye kioo kingine chochote."

"Ningeweza."

"Ijumaa jioni, siku moja baada ya mteja kurudisha mzigo, ulitoka getini na sanduku dogo. Lilikuwa na nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Mambo ya nyumbani yanatoka kazini?"

Binti alikirudisha kioo juu ya gololi yake.

"Binti, saa kumi gari linakuja. Ukipanda, mambo ya nyumbani yatakuwa mambo ya polisi."

"Basi nitapanda," alisema Mtaalamu, kwa sauti ya mtu ambaye nguo zake zimo begini tayari.

*

Kitabu cha getini kilikuwa na jalada lililolegea na mwandiko wa mlinzi uliopinda kama anayeandika akiwa amesimama. *Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, sanduku dogo, Mtaalamu.* Mstari huo Mkurugenzi alikuwa ameupiga picha na kuuambatanisha na malalamiko yake. Mpelelezi alilowesha kidole na kufanya jambo ambalo Mkurugenzi hakulifanya. Aligeuza ukurasa.

*Jumatatu, saa moja asubuhi, sanduku dogo, limerudi. Mtaalamu.*

Mwizi aliyebeba mali Ijumaa akaileta Jumatatu. Alitazama mstari huo mpaka mlinzi akamuuliza kama mwandiko ni mbaya.

"Mwandiko ni mzuri," alimwambia. "Tatizo ni wasomaji."

*

Chumba cha tanuri kilikuwa chini, mwisho wa ngazi ishirini na mbili. Alizihesabu kwa magoti. Fundi wa tanuri alikuwa peke yake, mzee mrefu aliyekauka, glavu zake nyeupe zimekunjwa vizuri mfukoni. Karakana nzima ilimwita Baba Mdogo, wakimwiga Mtaalamu, ambaye kwake jina hilo lilikuwa la haki: mzee alikuwa mdogo wa marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka saba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kiti kiko kushoto kwako. Chai?"

"Ukinipa nitakuombea."

Alimimina kutoka kwenye chupa, kidole gumba kimeninginia ndani ya ukingo wa kikombe. Chai ilipokigusa, akaacha kumimina. Halikumwagika hata tone.

"Samahani kwa kidole," alicheka. "Chai ya fundi ina chumvi ya fundi."

Mpelelezi aliipokea, akainywa, akaomba karatasi ya tanuri. Mzee aliitoa kwenye droo bila kutafuta: mkanda mrefu ambao kalamu ya mashine huchora joto saa kwa saa. Mpelelezi aliufuata mstari kwa ukucha. Ulipanda, ukanyooka kwa muda wa saa kumi bila kutikisika, kisha ukashuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi anazozijua. Hakuna mlango uliofunguliwa mapema. Hakuna umeme uliokatika. Alikuwa amekuja na dhana kwamba fundi alilala, au alikata kona. Akaiacha pale pale juu ya kiti.

"Siku hiyo uliweka nini ndani?"

"Kikuu na shahidi wake. Vilikuja vitatu kwenye trei moja. Nikachukua kikuu na kile kidogo, cha akiba nikakiacha. Vilipopoa nikavirudisha trei ile ile. Asubuhi mwanangu akaja na lenzi yake, akachambua, kikuu akakifunga, cha akiba akakitia kabatini."

"Kikuu unakijuaje?"

"Mikato miwili."

"Unaiona?"

Mzee alikunywa chai yake. "Miaka thelathini na moja kwenye kazi hii, mwanangu. Mikato naijua."

Mpelelezi aliandika swali upande mmoja na jibu upande mwingine, kwa sababu havikuwa vimekutana.

"Huyo mwizi mmeshampata?" aliuliza mzee.

"Mwanao amekwambiaje?"

"Kaniambia ni wezi wa nje, mnawatafuta. Kaniambia nisiseme neno na mtu, nitawavurugia kazi. Basi mimi nimetulia na tanuri langu."

"Kuna vioo vya zamani humu? Vilivyokataliwa?"

"Kabati la kona. Fungua tu. Hivyo hakuna anayeviiba."

Alipiga magoti mbele ya kabati, akajuta, akawasha tochi. Vioo vilikuwa vimepangwa wima kama sahani, kila kimoja na kibandiko cha tarehe. Akamulika kingo zake kwa ubavu. Cha mwaka jana kilikuwa na doa la kahawia ukingoni, pembeni mwa mikato: alama ya kidole gumba, jasho lililookwa likang'ang'ania. Kilichofuata nacho. Na kilichofuata. Kidole kile kile, mahali pale pale, kioo baada ya kioo, mpaka vibandiko vya miezi mitatu iliyopita. Baada ya hapo, kingo zote safi.

Ukingo wa kioo kilichorudishwa na mteja nao ulikuwa safi. Alikuwa ameutazama kwa lenzi muda si mrefu.

Aliinuka kwa kushika kabati. Akachukua vioo vitatu.

*

"Sheria ya glavu ni yangu," alisema Mkurugenzi kwa fahari, walipokutana tena chumba cha kupimia. Ilikuwa saa tisa na nusu. "Wateja walilalamika madoa. Nikaagiza, miezi mitatu iliyopita: atakayevua glavu akishika kioo, kazi hana. Nikaweka na kamera. Tangu hapo, hakuna doa hata moja."

"Nimeona," alisema Mpelelezi. "Ni kazi safi."

Alikuwa amemwita na fundi. Mzee alisimama kando ya meza amevaa glavu zake. Mtaalamu alipomwona akiingia, rangi ilimtoka.

"Afande, yeye hahusiki. Tafadhali."

"Mzee," Mpelelezi alisema, "saa kumi gari linakuja kumchukua mwanao. Anatuhumiwa kuiba kioo."

"Kumchukua nani?"

"Mimi, Baba Mdogo. Usiseme kitu."

Mzee aligeuza uso upande sauti ilikotoka. "Uliniambia wezi wa nje."

"Baba Mdogo, nimekuomba."

"Uliniomba, nikakubali. Hukuniambia kuna gari."

Mpelelezi aliweka trei mezani. Juu yake vioo vitatu vya kabatini, viwili vya mkato mmoja, kimoja cha mikato miwili. "Nipe cha mikato miwili, Mzee. Na glavu hivyo hivyo."

Mzee aliinama. Akainua cha kwanza, akakizungusha mbele ya dirisha, akakisogeza karibu na jicho, akakiweka mbali. Akachukua cha pili. Vidole vyeupe vilipapasa ukingo kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya wageni. Hatimaye alikisogeza mbele cha tatu.

Mpelelezi alikitazama kwa lenzi. "Mkato mmoja. Sasa vua."

"Hairuhusiwi!" Mkurugenzi alisogea hatua.

"Leo inaruhusiwa."

Mzee alivua glavu ya kushoto. Akavipitia vioo vitatu kwa kidole gumba, upesi kama mtu anayehesabu kurasa, akakisukuma kimoja mbele. Mikato miwili. Mpelelezi alivichanganya mgongoni mwake, akavirudisha. Mikato miwili. Akavichanganya tena.

"Unaweza kufanya hivi mpaka usiku," alisema mzee kwa upole. "Sitakosea."

"Tangu lini macho, Mzee?"

"Miaka mitatu, minne. Yalianza kama ukungu wa alfajiri, nikangoja lipande jua." Alicheka kidogo, peke yake. "Kidole kilikuwa kinatosha. Zikaja glavu. Ningesema, kazi ingeisha. Nikasema nitajitahidi."

"Ijumaa ulimpima," Mpelelezi alimwambia Mtaalamu. "Sandukuni mlikuwa na vioo vibovu, lenzi na taa."

Binti aliitikia kwa kichwa, macho sakafuni. "Kwenye meza ya chakula, akiwa na glavu. Nilimwambia ni mchezo. Mara tano. Alikosa mara tatu."

"Nilijua si mchezo," alisema mzee. "Huna mzaha tangu utotoni."

Mkurugenzi alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. "Sielewi. Kioo changu kiko wapi?"

"Unacho. Ni hicho hicho kilichorudi. Hakikuokwa." Mpelelezi alikaa, hakuna aliyemkaribisha, lakini miguu ilishaamua. "Fundi alichukua kwa glavu kioo cha akiba akidhani ni kikuu, akakioka vizuri kabisa, karatasi ya tanuri ninayo. Akakirudisha kwenye trei. Asubuhi Mtaalamu akasoma mikato kwa lenzi, akafunga cha mikato miwili, kama inavyotakiwa. Kila mmoja alifanya sawa kwa njia yake. Shahidi naye alisema kweli, lakini aliyekaa naye tanurini alikuwa mwingine."

"Hayo ni maneno."

"Basi tumuulize mwenyewe. Binti, lete cha akiba."

Mtaalamu alikileta kutoka chini, kibandiko chake kimeandikwa KIBICHI kwa herufi kubwa. Akakikalisha juu ya gololi, akafunga kuba, pampu ikanguruma mpaka hewa ikaisha. Saa kumi kasoro dakika nne alibonyeza kitufe.

Kioo kikavuma.

Sekunde arobaini na moja zilipita na mvumo haukujali. Dakika moja. Mbili. Mkurugenzi alikunja mikono, akaikunjua. Dakika ya nne honi ya gari ilisikika uani, mara mbili, na hakuna aliyesogea. Dakika ya sita mstari wa mvumo kwenye skrini ya mezani ulikuwa umelala, na Mkurugenzi akafungua mdomo.

Mzee aliinua kidole. "Bado."

Walitega masikio. Palikuwa na kitu, au kumbukumbu ya kitu.

"Bado," alisema tena. Kisha, baada ya kitambo: "Basi."

"Dakika saba na sekunde nne," alisema Mtaalamu.

Mkurugenzi alijifuta paji la uso. "Kwa hiyo nimekuwa na fundi asiyeona, na watu wananificha."

"Umefichwa, ni kweli," alisema Mpelelezi. "Alikosea, akaficha, binti naye akaficha. Hayo yamalizeni wenyewe, mimi nashughulika na wizi, na wizi haupo. Ila kabla ya glavu zako hakukosea hata mara moja. Nenda kafungue kabati, ukahesabu madoa."

"Leo hii namwondoa."

"Sawa. Mteja anataka kioo lini?"

"Ijumaa."

"Kibichi kinaweza kuokwa sasa?"

"Kinaweza," Mtaalamu alidakia. "Hakijaharibika. Kikiingia jioni hii, Alhamisi kimepoa."

"Nani mwingine anajua kulipoza hilo tanuri?"

Mkurugenzi alimtazama Mtaalamu. Mtaalamu akatazama dirisha. Pampu ilikuwa bado inanguruma.

"Nitakioka," alisema mzee. "Halafu nitaondoka, huna haja ya kunifukuza. Mwanangu atakaa nami mwanzo mpaka mwisho, ajifunze kupoza. Lakini kwa mkono mtupu."

"Ukingo utaingia doa," Mkurugenzi alisema, kwa unyonge.

"Doa la ukingoni haliugusi mwanga," alisema Mtaalamu. "Nitamwandikia mteja mwenyewe."

*

Mpelelezi aliwafuata chini ngazi zote ishirini na mbili, kwa sababu kalamu yake ilibaki kule. Ndivyo alivyojiambia.

Mzee alisimama mbele ya tanuri lililo wazi, trei mbele yake, mikono mitupu. Aliinua kioo, akakizungusha mara moja, kidole gumba kikasimama.

"Miwili," alisema.

Mtaalamu aliinama na lenzi yake, kichwa karibu kigusane na cha mzee. Hakuharakisha.

"Miwili, Baba Mdogo."

Mlango wa tanuri ukafungwa. Kule uani honi ililia tena, ndefu safari hii. Mpelelezi alichukua kalamu yake, akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kupanda kwenda kuwaambia wale wa gari kwamba hakuna abiria.